Tayari Alhamisi

Mzee Twaha alipofariki, niliomba nipige pasi sanda yake. Wanawake waliojaa chumba cha nyuma, pale nyumbani kwa binti yake, mtaa wa Nkoma mjini Mbale, waliacha kuongea wakanitazama kana kwamba nimeomba kumpeleka marehemu sinema. "Sanda haipigwi pasi, Hajati," mmoja akaniambia, kwa ile sauti ya upole ambayo vijana hutumia wakiona mzee ameanza kuchanganyikiwa. "Nani kasema?" nikamuuliza. Hakuna aliyejua nani kasema. Mtu akatumwa kwa imamu, akarudi na jibu kwamba sheria hailazimishi wala haikatazi, mradi tusicheleweshe mazishi. Basi ikatafutwa pasi ya mkaa, maana umeme ulikuwa umekwenda zake tangu asubuhi, ikapatikana kwa muuza chapati mmoja kule Namakwekwe, ikaletwa kwa bodaboda imefungwa kwenye kanga kuukuu. Hajara, binti wa marehemu, akatandika blanketi juu ya meza. Nikapuliza makaa. Joto liliponipanda usoni nilisikia harufu ambayo haikuwamo mle chumbani, harufu tamu yenye kuchoma nyuma ya pua, na papo hapo nikawa nina miaka kumi na tisa, niko Jinja, na Mzee Twaha amesimama nyuma yangu akiniambia nisikimbize pasi, kwani nani ananifukuza.

Duka letu lilikuwa kwenye barabara kuu, katika mojawapo ya yale majengo yenye nguzo na baraza waliyoyaacha Wahindi. Wenyewe walikwisha kufukuzwa nchini, mashine ikabaki, na Mzee Twaha, aliyepiga pasi humo tangu enzi zao, akabaki na ufunguo. Watu wa mji hawakusema drai klina. Walisema "kwa dawa." Nguo ikipelekwa kwa dawa, watu walijua kuna harusi au kuna kesi mahakamani. Dawa yenyewe ilikaa ndani ya mashine, ikizunguka na makoti ya sufi kwenye ngoma yenye dirisha la kioo, na mvuke wake ulijaa chumba cha nyuma hata ukauona ukitetemeka kwenye mwanga wa mlango. Ulikuwa unatulevya. Siku hizi nasikia ni hatari, watu huvaa barakoa. Sisi tulikuwa tunapumua tu, na ifikapo adhuhuri miguu yangu ilikuwa haigusi sakafu. Ndiyo maana sina hakika sana na mambo ya mwaka ule. Nayakumbuka yote yakielea kidogo, makoti yakipita juu ya kichwa changu kwenye kamba, mikono yao ikining'inia, na sauti za wateja zikija kutoka mbele ya duka kupitia pazia kana kwamba watu wanaongea chini ya maji.

Tulikula barazani ili dawa isiingie kwenye chakula. Mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi, na siku njema ngege, samaki wa mto, amekaangwa mpaka mifupa inatafunika. Hapo ndipo Mzee Twaha alinifundisha kazi, mdomo umejaa muhogo. Toa vitu mfukoni kwanza. Piga brashi kabla ya kulowesha, maana vumbi likilowa huwa tope. Damu haitaki maji ya moto. Ipe maji baridi na chumvi, uwe na subira. Darizi za kanzu zipigwe pasi kwa upande wa ndani. Koti la sufi lisiguswe na chuma kavu, liwekee kitambaa chenye unyevu, ulisikilize linavyopumua. Alikuwa mtu mfupi, mwenye hasira za karibu na msamaha wa karibu, na kila Ijumaa alivaa koti lake jeusi juu ya kanzu, koti lililokaa mabegani mwake vizuri kiasi kwamba wateja walilitazama hilo kwanza kabla ya kumtazama yeye. Sheria yake ilikuwa moja, na hakuwa na mzaha nayo: nguo chafu isilale dukani kuamkia Ijumaa. Uilete Jumamosi, uilete Jumatano mchana, ukiuliza lini nichukue, jibu ni moja. Alhamisi. Watoto wa mtaa walimwita hivyo, Mzee Alhamisi, naye alikuwa anaitika.

Vita vilikuja kwetu kupitia nguo kabla ya kuja kupitia redio. Wake wa maofisa wakaanza kuchukua gomesi zao, yale magauni marefu ya mabega yaliyochongoka, kabla hazijakauka. Wakubwa wakaacha kuleta suti. Nyuma ya pazia nilisikia wanawake wakinong'ona, "Banange, jamani, mji wa Masaka imeisha," na mwingine akajibu, "Wewe nyamaza, ukuta iko na masikio." Nilikuwa naendelea kupiga pasi. Sikuogopa, na sijui kama ule ulikuwa ujasiri au dawa. Suti ya maana ya mwisho kuletwa ilikuwa ya Mwalimu Waiswa, kijana wa Budondo aliyekuja kwa baiskeli, suti ya kahawia aliyoinunua kwa kujinyima chai mwaka mzima, kwa maelezo yake mwenyewe. Alikuwa anaoa. Alitueleza habari za bibi harusi mpaka Mzee Twaha akamwambia, "Mwalimu, hii suti sisi tunafua, hatuoi nayo." Akacheka, akauliza lini achukue, ingawa alijua.

Hakuja Alhamisi hiyo, barabara ya Budondo ilikuwa na vizuizi. Wiki iliyofuata, Jumatano mchana, waliingia askari wa serikali iliyokuwa inaanguka. Walikuwa wanakimbia kuelekea mashariki, mji mzima ulikuwa unawaona. Walikuwa wachache, wamechoka, wamejaa tope hadi magotini, na bunduki zao waliziegemeza ukutani kama miavuli.

"Mzee, leta nguo ya raia. Haraka," mkubwa wao akasema.

"Afande, hii nguo yote iko ya watu."

"Na sisi hapana watu?"

Wakaanza kujichukulia wenyewe, wakivuta nguo kutoka kwenye henga za kutundikia, na mimi nikajibanza ukutani nikimwomba Mungu wachukue waende. Lakini kulikuwa na mmoja, mdogo kuliko wote, shingo nyembamba kama ya mtoto wa shule, ambaye alikuwa amevaa suruali iliyomfika katikati ya muundi. Mzee Twaha alimtazama. Niliona uso wake ukibadilika, ukawa ule uso wake wa kazini.

"Wewe, toa hiyo. Iko fupi. Watu wataona hiyo mguu, watajua wewe askari." Kisha akanigeukia. "Zubeda, leta ile ya kahawia."

"Mzee, ile ya mwalimu? Mwalimu naoa!"

"Mwalimu ataoa. Huyu akitoka hivi hafiki Iganga."

Nikaileta. Naisema leo bila kujuta: niliileta mwenyewe, kwa mikono yangu. Mabega yalimkaa, ila suruali ilikuwa ndefu, na Mzee Twaha akasema haiwezekani mtu atoke dukani kwake anakanyaga pindo. Basi nikapiga magoti na sindano, milio ya bunduki ikisikika mbali upande wa bwawa la umeme, nikamkunjia pindo askari wa serikali iliyoanguka. Alikuwa anatetemeka hata nikamshika kifundo cha mguu. "Dada," akaninong'oneza, "uzi isionekane." Nikamwambia haitaonekana. Wenzake nao wakapangwa mstari. Huyu kola yake ikarekebishwa, yule akabadilishiwa shati. Walipotoka walikuwa kundi la makarani na wafanyabiashara wanaokwenda safari. Sare zao walizimwaga sakafuni, rundo linalonuka moshi na jasho.

Mtu yeyote mwenye akili angelichoma lile rundo, au angelitupa mtoni jioni ileile. Tulifunga duka tukaenda nyumbani, na asubuhi tuliporudi lilikuwa palepale. Mzee Twaha alisimama mbele yake akiwa na mikono nyuma.

"Leo siku gani?"

"Alhamisi," nikasema, na nilipolisema tu nikajua.

Tulizifua. Tulitumia dawa yetu ya mwisho, ambayo tusingeipata tena kwa muda mrefu, kufua sare za watu waliokuwa wamekwisha kukimbia. Mojawapo ilikuwa na damu. Niliipa maji baridi na chumvi na subira. Kila mfuko tuliutoa vitu, kila kifungo tulikikaza. Mji ulikuwa umefungwa kimya, na sauti pekee mtaani ilikuwa ngoma ya mashine yetu. Nadhani sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko ile, na naona aibu kidogo kuisema, maana watu walikuwa wanakufa. Lakini mvuke ulikuwa mzito, mwanga wa mlangoni ulikuwa wa dhahabu, na sisi wawili tulipiga pasi bila kusemezana, mstari wa suruali ukitoka umenyooka, hata ukasahau ni suruali ya nani. Ilipofika jioni Mzee Twaha akazitundika mbele ya duka, mahali pa nguo zilizo tayari, pale mteja akiingia anaona yake.

"Mzee, hizi tuzifiche."

"Nguo safi inafichwa kwa nini?" akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Wakombozi, askari waliotoka ng'ambo ya mpaka, waliingia Jinja siku chache baadaye, wakitembea kwa miguu pande zote mbili za barabara, wepesi, kimya, na watu wakawatolea ndizi na maua. Kilichotushangaza kilikuwa kinywa chao. Sisi Kiswahili tulikijua kama lugha ya vizuizi vya barabarani, ya "lala chini" na "leta kitambulisho." Hawa walikisema na "tafadhali" ndani yake. Ofisa aliyeingia dukani kwetu, kijana mwenye miwani, alitazama ule mstari wa sare zilizonyooka, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mzee." Mzee Twaha hakujua hilo hujibiwa nini. "Ndiyo, afande," akasema. Nje umati ulikuwa umekusanyika, na wengine walikuwa majirani tuliowafulia miaka yote. "Huyo naficha askari!" mtu akapiga kelele. "Waislamu wote walikuwa watu wao!" akasema mwingine, na hiyo ndiyo iliyoniondolea dawa kichwani. Tayari mtu mmoja alikuwa ameburutwa kutoka nyumbani kwake mtaa wa pili kwa maneno kama hayo, na hakurudi.

"Sare hizi ni za nani?" ofisa akauliza.

"Ya wateja."

"Na wateja wenyewe wako wapi?"

"Walienda."

"Walikwenda wamevaa nini, mzee?" Alikuwa bado na adabu, lakini askari wake wawili walikuwa wamesogea mlangoni.

Nilimjua Mzee Twaha. Alikuwa hajui kusema uongo, kama vile watu wengine hawajui kupiga mluzi. Wangechukua wenyewe kwa bunduki, hilo lilikuwa jambo moja. Lakini kuwachagulia, kuwapimia, kuwakunjia pindo! Alifungua mdomo, na nikaona kabisa kwamba anakwenda kulisema lote, pamoja na suruali fupi na shingo ya yule mtoto. Ndipo umati ukapasuka katikati na Mwalimu Waiswa akaingia na baiskeli yake, hata hakuiacha nje.

Alikuwa amekuja kuchukua suti. Barazani muuza karanga mmoja, aliyeona yote, alikwisha kumwambia kila kitu: kwamba suti yake ya harusi imekwenda na askari, kwamba Mzee Alhamisi alimvisha mmoja kwa mikono yake. Niliyajua hayo baadaye. Wakati ule niliona tu uso wake, umejaa vumbi la Budondo, na macho yakipita kwenye ule mstari, sare baada ya sare, yakitafuta kahawia.

"Wewe ni nani?" ofisa akamuuliza.

"Mwalimu. Ya Budondo. Mimi mteja hapa."

"Kuna nguo yako imepotea humu?"

Alikuwa na haki ya kusema ndiyo. Neno moja tu, tena la kweli, na Mzee Twaha angetoka pale akiwa katikati ya wale askari wawili. Mwalimu alimtazama Mzee. Akanitazama mimi. Kisha akaegemeza baiskeli kwenye kaunta, akaanza kufungua vifungo vya shati alilovaa, kimoja kimoja, akalivua, akalikunja kwa adabu na kuliweka mezani. Akabaki na singilendi yenye tundu begani.

"Hakuna kitu imepotea," akasema. "Mi nimeleta hii." Akamgeukia Mzee Twaha. "Lini nichukue?"

Mzee Twaha alilivuta shati kwake. "Alhamisi," akasema.

Ofisa aliwatazama wote wawili, dobi na mteja wake mwenye singilendi. Sidhani kama alidanganyika. Nadhani alikuwa amechoka, na alikuwa ametembea kutoka mbali sana, na pengine ilikuwa mara yake ya kwanza tangu avuke mpaka kuona mtu akimwachia mwenzake shati akitumaini kulirudia. Akawaambia askari wake wazitoe zile sare wakazichome nyuma ya duka. Walipozibeba, Mzee Twaha akawakimbilia, nikadhani sasa ndiyo anakwenda kuharibu.

"Afande," akasema, "henga ni zangu."

Wakamrudishia henga zake.

Mwalimu alirudi Alhamisi. Mzee Twaha alikuwa amejiandaa kumweleza, nilimsikia akijaribu maneno tangu asubuhi, lakini mwalimu akamkatiza hata kabla ya salamu. "Ile shati iko tayari?" Lilikuwa tayari. Lilikuwa kwenye henga, na juu yake, katika henga hiyohiyo, lilikuwa lile koti jeusi la Ijumaa. Mwalimu alilitazama akataka kukataa, na Mzee Twaha akamwambia, kwa ukali, kwamba duka linafungwa. Alioa akiwa amevaa hilo. Na Mzee Twaha, tangu siku hiyo mpaka juzi, alikwenda msikitini na kanzu tupu. Alipoulizwa alisema joto limezidi.

Jinja haikutukalia vizuri tena. Majirani walitusalimu, lakini salamu zao zilikuwa na doa. Tukahamia Mbale, chumba cha kupanga Namakwekwe, yeye na mkewe na mimi, bila mashine, bila dawa, na pasi mbili za mkaa. Njia nzima nilikuwa naiota ile suti ya kahawia. Katika ndoto ilikuwa inatembea peke yake, bila mtu ndani, ikipita Iganga, ikipita Tororo, pindo langu likipepea vizuri juu ya viatu. Nilipokuwa macho nilitazama suruali za wanaume sokoni, nikitafuta mshono wangu. Sikuuona, na mpaka leo sijui kama yule mtoto alifika kwao. Nakiri nilihamia Mbale kwa furaha kiasi fulani kwa sababu hiyo, kwamba ndiko suti ilikoelekea.

Pale Namakwekwe ndipo niliposoma mwisho wa vita, na niliusoma kwenye madoa. Mwanzoni watu walileta nguo walizokuwa wamezificha: gomesi iliyofukiwa kwenye debe, suti iliyolala juu ya dari na popo, kanzu iliyonuka kuku. Udongo, moshi, ukungu. Na nyingine za maji baridi na chumvi, tulizozifua bila kuuliza. Halafu, polepole, madoa yakabadilika. Mafuta ya baiskeli. Chaki. Udongo mwekundu wa uwanja wa mpira. Kisha siku moja mama mmoja akaleta gomesi yenye doa kubwa la manjano kifuani, akilalamika kwamba shemeji yake amemmwagia mchuzi harusini. Mzee Twaha aliinua ile gomesi akainusa. "Nyama ya mbuzi," akasema. Akaniita, akamwita na mkewe aliyekuwa jikoni, tukainusa sote watatu, na yule mama akatutazama kama wendawazimu, maana tulikuwa tunalia.

Kule Nkoma, makaa yalikuwa tayari. Nikapitisha pasi juu ya sanda, taratibu, nani alikuwa ananifukuza. Ni kitambaa chepesi, hakina kola, hakina kifungo, hakina mfuko wa kutolewa vitu. Nilipomaliza kipande cha mwisho na kumkabidhi Hajara, niliona kivuli mlangoni. Alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo, aliyepaswa kuwa nje kwenye turubai na wanaume wenzake, na wanawake wakaanza kunung'unika. Sikumtambua uso. Nilitambua mabega ya koti. Lilikuwa jeusi bado, limetunzwa, ingawa mtu aliyelipiga pasi mara ya mwisho alitumia chuma kavu na nitapenda kuonana naye.

"Nilikuwa naleta kila mwaka," Mwalimu Waiswa akasema. "Kila mwaka alikuwa nakataa. Ananiambia duka limefungwa."

Alitundika fimbo kwenye kitasa. Akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, vidole vyake vikimsumbua, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akalivua, akalikunja, akaliweka mezani juu ya blanketi, mahali ilipokuwa sanda, ambapo palikuwa bado na joto.

"Lini nichukue?" akaniuliza.

Nje wanaume walikuwa wameanza kuinuka. Nikavuta koti kwangu, nikaingiza mkono mifukoni kwanza, kama nilivyofundishwa.

"Alhamisi, mwalimu," nikasema.